Nilivyomtaja beberu kwenye kikao cha ukoo

Leo nimeongea mbele ya wazee. Mimi! Mtu ninayenyoosha mkono darasani huku naomba nisichaguliwe.

Ukoo ulikaa nyumbani kwetu kuamua kama mama mdogo, mke wa baba mdogo, arudishwe kwao. Kosa lake ni kwamba hawajapata mtoto.

Yeye ameshapimwa, hana tatizo. Baba mdogo hajawahi kupimwa.

"Mimi ni mzima," alisema. "Nabeba gunia la tangawizi kutoka shambani mpaka barabarani."

Wazee wakaitikia. Ushahidi umetosha!

Nilikuwa namimina chai. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba mgongo si mbegu za kiume. Hata zikiwa nyingi na zinaogelea vizuri, vinasaba ndani yake vinaweza kuwa vimekatikakatika, na maabara kuna kipimo cha kuviangalia.

Babu akanikazia macho. "Wewe binti, mbegu umezionea wapi?"

(Kwenye kitabu cha baiolojia, jamani.)

Hofu ikanitoa maneno: "Shikamoo babu. Mbuzi wako wa kule Kisiwani walipokosa mimba, mbona ulibadilisha beberu?"

Chai ikafurika mezani.

"Majike walikuwa wazima," babu akajibu taratibu. Kisha akamgeukia baba mdogo.

Ndipo mama mdogo, ambaye hakuna aliyemuuliza neno tangu asubuhi, akasema: "Jumatatu nakusindikiza hospitali, mume wangu. Usiogope, unapewa kikopo tu."

Nisaidieni: kesho kanisani namsalimiaje baba mdogo?