Vituo Vitatu vya Ayalandi

Binti yangu ndiye aliyenifundisha kwamba safari ya raha ni ile ambayo valizi, sanduku la nguo, hailazwi kila siku mahali papya. Yeye alikuwa Ayalandi, mwaka wa tisa tangu amfuate mumewe huko. Mimi nilikuwa hapa Likasi, mwalimu mstaafu, magoti mabovu, mdomo mzima. Akasema nikienda kumtembelea hatutakimbiakimbia. Tutachagua vituo vitatu vya mashambani, siku nne kila kimoja, asubuhi tunatoka na gari, jioni tunarudi kwenye kitanda kilekile. Nilimjibu kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kwa hiyo awaonye wenye nyumba kwamba mimi siwezi kulima.

Kwangu jambo hilo halikuwa geni kabisa. Nilipokuwa msichana wa kwaya tulikuwa tukitua mizigo kwenye misheni ya Mulungwishi, tunazunguka vijiji vya pale wiki nzima, na kila jioni tunarudi misheni kula bukari, ugali wetu. Aliyetupangia hivyo alijua kwamba mtu anayefunga na kufungua mzigo kila siku haimbi vizuri. Basi niliingia kwenye kazi ya kuchagua nikijiona mtaalamu.

Kila Jumapili baada ya ibada, mtandao ukiwa na huruma, alinitumia picha za nyumba. Nilifungua daftari, nikapiga mistari kama nilivyozoea darasani: ngazi, jiko, dirisha, kanisa. Nyumba yenye ngazi nyingi ilipata sifuri bila mjadala. Kituo cha kwanza tulikiweka magharibi, karibu na bahari, mahali ambapo mashamba yamegawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Cha pili kilikuwa kando ya ziwa. Niliitazama picha ya ziwa lile nikalinganisha na ziwa letu la Tshangalele: hakuna mtumbwi, hakuna mtu anayeanika samaki. Nikauliza kama samaki wao wamekwisha au watu ndio wamekwisha. Cha tatu kilikuwa kusini, kwenye ng'ombe wengi na nyasi za kijani mpaka macho yanauma.

Alinieleza mambo mengi. Barabara za huko mashambani ni nyembamba, nyasi zinaota katikati, na magari yanapita mkono wa kushoto, kwa hiyo mtu asiendeshe zaidi ya saa mbili kwa siku. Na kila kituo kiwe na siku moja ya kutokwenda popote, kukaa tu dirishani na kutazama mvua. Nikamwuliza tangu lini mtu anapanda ndege kwenda kutazama mvua, wakati yetu ya hapa inatoboa mabati bure. Akacheka sana. Kwa ajili ya kicheko kile ningeweza kuzikataa nyumba kumi nzuri, na kusema kweli nilizikataa.

Kitu kimoja tu hakikuwamo kwenye orodha, nacho ni mji wake. Niliuweka mkono kwenye ramani, nikamwambia, mji wako huu hapa, katikati kabisa, kwa nini tusianzie kwako? Akasema ni mji wa maduka na barabara, hauna la kuona. Siku nyingine nilichagua nyumba iliyokuwa karibu sana na kwake. Akasema imekwisha kuchukuliwa.

Sikushuku kitu, kwa sababu nilikuwa na jibu langu: ukwe. Sisi watu wa asili ya Kasai, mama wa mke na mume wa binti hawalali chini ya paa moja. Mama yangu alikuwa akisikia kikohozi cha mume wangu anazunguka nyuma ya nyumba, na mpaka anakufa hakulala kwetu hata siku moja. Nikajisemea, tazama mtoto huyu, miaka tisa Ulaya na bado anashika heshima, anamtafutia mama yake nyumba za pembeni ili asimwaibishe mkwe. Niliwasimulia akina mama wa kanisa. Nilisimulia kwa sauti kubwa, makusudi, wale ambao wakwe zao hawajui hata kusalimu wapate kusikia vizuri.

Lakini moyo wa mama hauna adabu. Nilitaka kulala kwake siku moja tu. Nilitaka kuona sufuria zake, kamba anayoanikia nguo, upande anaolalia. Siku kumi na mbili katika nyumba za wageni, kisha nirudi Likasi bila kujua mtoto wangu anaishi wapi? Nikamwendea dada yangu mkubwa, ambaye mambo ya mila anayajua kunishinda. Akasema ukwe una dawa yake. Mama anampikia mkwe kuku, anampa kitambaa, anasema maneno ya kuondoa haya, na tangu siku hiyo wanaweza kukaa nyumba moja. Maneno niyatangulize kwa simu, akasema, kuku nitampikia nikifika. Nikaenda sokoni, nikanunua kitambaa kizuri cha shati.

Jumapili iliyofuata nikamwambia binti yangu apunguze siku moja kwenye kituo cha kusini, aiweke nyumbani kwake, na ampe mume wake simu nizungumze naye. Nikamweleza na sababu, nikijisifu.

Nilidhani mtandao umekatika, nikaita alo, alo.

"Mama, bwana haiko," akasema. "Aliniacha, alikwendaka. Sasa miaka mbili."

Mimi nina hasira za karibu, na hasira ilifika kabla ya huruma. Miaka miwili ya "anakusalimia, mama". Miaka miwili nikimwombea mtu yule kwa Mungu asubuhi na jioni. Nilimkaripia. Kisha, kwa ujinga wangu, nikamwambia kwamba kama mume hayupo basi na ukwe haupo, sasa ni nini kinachonizuia kulala kwako?

Ndipo akanieleza, taratibu. Hana nyumba. Anamtunza bibi mmoja ambaye hatoki tena kitandani, na analala humo humo chumbani mwa bibi, kwenye kitanda kidogo, ili amsikie akiita. Vitu vyake vyote viko katika valizi mbili chini ya kitanda hicho. Mgeni haruhusiwi.

"Nilitaka unikute mu nyumba," akasema. "Hata kama ni ya bantu bengine. Miye nikufungulie mulango, nikupikie."

Jumapili zote zile nilidhani ananichagulia mimi mahali pa kulala. Majiko niliyokuwa nikiyapa alama, yeye alikuwa amekwisha kujiona amesimama humo, mwenye nyumba kwa siku nne. Nililia, na sikujificha.

"Rudia ku nyumba, mutoto wangu," nikamwambia. "Rudia kwetu."

"Kwetu ni wapi, mama? Ile siku ya ndoa ulisema hapa haiko tena kwangu. Ulisema nisirudie na valizi."

Nilisema. Ndivyo tunavyosema wote siku ya kumfunda bibi harusi, na mama yangu alinifunda hivyohivyo. Nilisimama na kitenge kipya mbele ya wanawake wote, nikamwambia kwako sasa ni kwa bwana yako, ukigombana naye usinirudie hapa na valizi, na wanawake wakapiga vigelegele. Yeye alikuwa amepiga magoti, kichwa chini, anaitikia. Kwangu yalikuwa maneno ya sherehe, na kesho yake niliyasahau. Yeye aliyachukua akaenda nayo. Mama yake yu hai, nyumba ina vyumba vitatu na viwili havilali mtu, na mtoto wangu miaka miwili amejibanza kando ya kitanda cha bibi wa watu kwa sababu nilimfukuza na watu wakashangilia.

Nikasikia sauti ya kizee ikiita huko nyuma yake. Nikaharakisha. Nikamwambia neno lile naliondoa, asilikumbuke tena, aje hata kesho, aje na valizi kumi.

"Ndiyo, mama," akasema, kwa sauti ileile ya siku aliyopiga magoti, akaenda kumgeuza bibi.