Nusura Nimuoze Binti Yangu kwa Babu wa Siyu

Ngojeni nimalize ndipo mcheke, maana aibu hii nikiikumbuka hata chai hainipiti kooni, na hasira zangu zote ni za jirani yangu Lali, mtu ambaye hajawahi kuponya hata paka lakini mtaa wetu wa Mkomani, hapa Lamu, hakuna ugonjwa asioujulia dawa.

Mato yangu yaliingia ukungu (mato ndiyo macho, nyinyi wa bara), ukungu mzito, siku moja nimempa punda salamu kamili nikasimama nangoja anijibu. Binti yangu Khadija akasema, "Baba, nenda hospitali ukapimwe, umri huo umefika." Umri! Nikafoka, mzee ni baba yako, kisha nikakumbuka babake ni mimi.

Sasa asubuhi ya nikahi yake nikataka angalau nimuone mkwe vizuri, na Lali huyo na kichupa chake. "Asali na maji ya kitunguu, Bwana. Tone moja kila jicho, utaona mpaka Mtangawanda, ng'ambo ya maji!" Mimi kwa pupa nikatia matatu matatu.

Wallahi, moto! Nikafika msikitini nashikwa mkono, machozi yamelowesha kanzu mpaka kiunoni, na jamaa za bwana harusi waliotoka Siyu wakaanza kunong'ona, "Mzee analia, hamtaki kijana wetu." Nikawakemea, "Silii! Ni kitunguu!" Wakatazamana.

Shekhe akaniambia nimpe mkono bwana harusi. Mbele yangu naona kanzu tu, nikaukamata mkono wa karibu (mgumu kama gamba la kasa, nikasema moyoni alhamdulillahi, kijana mchapakazi), nikatamka kwa sauti ya kufika sokoni, "Nimekuoza binti yangu Khadija!" Kumbe ni Mzee Bwanaheri, babu yake bwana harusi, kinywani hana hata jino la kusingiziwa! Naye, Mungu anamuona, akajiweka sawa, akaanza, "Nimekuba..."

Shekhe akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, Mzee! Nikahi haina mzaha!"

Msikiti ukaangua kicheko, bwana harusi nusura azimie, na mimi namshukuru Shekhe, maana neno moja tu lingemtia mwanangu ndani ya nyumba ya babu. Ikabidi Shekhe atuunganishe mikono mwenyewe, akatushikilia kama polisi kakamata wezi, ndipo nikaoza upya. Na aliyecheka kuliko wote? Lali! Ningemvurumishia kiatu, ila viatu viko mlangoni, na kwa mato yale ningempiga Shekhe.

Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, wakamtoa, na daktari akanigombeza mpaka nikaona afadhali kitunguu. Sasa naapa, jicho langu haliingii tena tone lisilotoka kwa daktari, na nyinyi rika langu nendeni mkapimwe kabla hamjaozesha.

Mzee Bwanaheri naye, kila akija Lamu, lazima anipigie kelele katikati ya ndia (njia, nyinyi wa bara), "Baba mkwe! Khadija wangu hajambo?" Na balaa ya kupona ni hiyo, ule ufizi wake unaocheka nauona wote.