Wifi Yangu, Mlinzi wa Ndege

Mume wangu aliponihama alichukua televisheni, pasi na viatu vyake vyote, akaniachia dada yake. Nadhani alimsahau. Wifi yangu alikuwa bafuni anafua wakati bwana yule anashusha masanduku ngazini, na alipotoka na beseni lake alinikuta nimekaa sakafuni peke yangu.

"Kaenda wapi?"

"Kaenda kwa mwenzangu."

"Na pasi?"

"Kaenda nayo."

Akafikiri kidogo. "Basi nguo tutazinyoosha kwa kuzikalia," akasema, akaenda kuanika.

Huyo ndiye wifi yangu, na ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Bwana yule nitamtaja pale tu atakapokaa njiani nikashindwa kumzunguka. Jina lake halimo. Kinywa changu nakipigia mswaki.

Kwetu, wifi alikulia kwenye shamba la mpunga kando ya mto, na kazi yake tangu ameota meno ya ukubwani ilikuwa kulinda ndege. Aliyekulia shamba ananielewa. Aliyekulia mjini nimweleze: kulinda ndege ni kuulinda mpunga, ndege wasiule. Hujengwa dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuka kuliko mpunga wenyewe, na mtoto hupandishwa huko alfajiri na kombeo lake, madongo ya udongo mkavu, na kamba zilizofungwa makopo matupu kila upande wa shamba. Ukivuta kamba, makopo yanalia kule mwisho. Kwelea wakija huja kama moshi wa tanuri, na hapo kamba peke yake haitoshi, ni koo lako sasa.

Lakini humfukuzi usiyemjua. Wifi aliwajua. Aliwajua wale wachache wanaotangulia kupeleleza, na wale waongo wanaoruka juu kwa kishindo kama wanaondoka kumbe wanakwenda kutua nyuma yako. Aliwajua kama mimi nilivyomjua mwenzangu: anapita njia gani, anatua wapi, na vipi anajifanya anaangalia kando. Alilinda mpunga wa baba yake, kisha wa mumewe, na mume alipofariki bila kumwachia mtoto, akalinda wa mashemeji. Mpaka mdogo wake, bwana yule, alipomwita aje huku ugenini, tuishi wote.

Huku sisi tuko ghorofa ya tatu, dirisha la jiko linatazama ukuta. Mimi nafua mashuka ya hospitali. Wifi, kwa kukosa kazi, alianza kutoka asubuhi akitembea, akagundua kwamba nyuma ya karakana ya magari kuna bwawa lenye matete, na pembeni yake kibanda cha mbao chenye vidirisha vyembamba, ambamo watu wazima wenye akili zao hukaa kimya na darubini wakitazama ndege. Alirudi mbio kunieleza.

"Wanawatazama tu, wifi! Hawawafanyi kitu!"

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo shughuli yake. Jioni narudi mgongo unauma, yeye ananipa habari za bwawani kama za mtaani. Kulikuwa na mmoja mwenye miguu mirefu aliyemwita Karani, kwa jinsi anavyotembea kama aliyechelewa ofisini. Kulikuwa na Mkwe, bata asiyekutazama usoni. Kulikuwa na mwingine mweupe, hodari wa kujipamba na hana kazi nyingine. Huyo nilimpa jina mimi, la mwenzangu, na wifi akacheka mpaka akashika meza.

Basi bwana yule akaja. Alikuja kwa sababu mke wake mpya alikuwa na mimba ya siku za mwisho na hapendi kuinama.

"Dada, jiandae uhamie kwangu," akasema bila hata kukaa. "Mtoto atahitaji mtu."

"Mtu ndiye mimi?"

"Sasa hapa unafanya nini? Unakula tu kwa huyu."

Huyu ndiye mimi. Nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Wifi hakupandisha sauti. Akamwambia kwamba pale bwawani wanatafuta mlinzi. "Nikipata kazi, nabaki kwa wifi na hutanidai ulezi. Nisipopata, nabeba begi langu nakuja. Wewe unajua lugha yao, utanisemea."

Bwana yule akakubali upesi, kwa sababu alikuwa na hakika hatapata. Lakini ana ugonjwa mmoja: akisimama mbele ya watu na ile lugha yake ya ugenini, lazima apigiwe makofi. Alipofika mbele ya Mwenyekiti wa chama cha watazama ndege, mama mmoja wa makamo aliyestaafu kazi ya posta, akasahau kabisa kwamba alikuja ili dada yake akose. Mama yule aliuliza kama wifi ana uzoefu. Wifi akajibu kwa lugha yetu, "Nimelinda ndege tangu utotoni." Bwana yule, aliyekulia mjini kwa shangazi na hajawahi kupanda dungu, akageuza neno kwa neno: huyu dada yangu amewalinda ndege maisha yake yote, usiku na mchana, kwa mvua na kwa jua, mpaka sauti ikamkauka. Mwenyekiti akavua miwani, akafuta macho. Kazi ikapatikana palepale.

Tulipompigia mama mkwe simu kwao, furaha ilizidi kipimo.

"Mwanangu analinda ndege! Ndege za kwenda wapi?"

"Si ndege za, mama. Ndege wa bwawani," nikamwambia.

"Hata kama ni za bwawani. Mwambie asisogelee injini." Na kijiji kizima kikatangaziwa kwamba binti yao yuko uwanja wa ndege.

Kazi yenyewe ilikuwa kufungua kibanda, kufagia, kuokota takataka na kuzuia mbwa wasiingie kwenye matete. Wiki ya kwanza ilipita vizuri. Jambo ambalo hakuna aliyemweleza ni kuhusu mtama. Nyuma ya bwawa chama kilikuwa kimepanda kipande cha mtama ili ndege wale, na ulikuwa umekomaa, umeinamisha vichwa. Wifi alidhani ni chakula cha wanachama.

Asubuhi hiyo kibanda kilikuwa kimejaa. Ndege mmoja mdogo wa kijivu mwenye koo jekundu, mgeni wa mbali sana, alionekana jana yake, na watu walikuwa wamekuja hata kutoka miji mingine. Wamekaa, hawapumui. Yule mgeni akatokeza kwenye tete. Na wakati huohuo kundi la shomoro likashuka kwenye mtama.

Mwili wa wifi haukumwomba ruhusa. Akatoka na ndoo na mti wa fagio, akaipiga ndoo, akatoa ile sauti ya dungu ambayo mtu wa ng'ambo ya mto anaisikia. "Hooo! Tokeni! Wezi nyie!" Shomoro wakaondoka. Karani akaondoka, Mkwe akaondoka. Mgeni wa koo jekundu akaondoka na hajaonekana mpaka leo. Wifi akageuka na ndoo yake, anatabasamu, anasubiri kushukuriwa.

Aliitwa kesho yake. Bwana yule tulimpigia aje kumsemea, akasema ana kazi, ila atapita bwawani na gari kumchukua dada na begi lake. Nilimsikia anavyofurahi. Basi nikaenda mimi, na lugha yangu ya kufulia mashuka: sabuni, doa, maji moto. Nilimweleza Mwenyekiti kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo. Kwetu, kulinda ndege, chakula huku, ndege kule, mtu katikati. Nikapiga kelele kidogo ili aelewe. Akaelewa. Akauliza, "Kama alikuwa akiwafukuza, sasa anataka nini hapa?"

Nikamgeuzia wifi. Wifi akajibu taratibu, nami nikatafuta maneno moja moja.

"Nimewafukuza tangu mdogo. Sijawahi hata siku moja kuwaona wakila wakashiba."

Mwenyekiti akatazama nje. Mtama ulikuwa palepale. Akatuambia tukae naye kibandani. Shomoro wakija na wifi akiweza kutulia mpaka wamalize, kazi ni yake. Akishindwa, basi.

Tukakaa watatu. Begi la wifi lilikuwa miguuni kwangu. Shomoro wakaja, wawili kwanza, kisha wote. Wifi akaweka mikono chini ya mapaja, akaikalia. Midomo inamcheza. Wanapukuchua, punje zinaanguka, na yeye anatetemeka kama gari bovu. "Wifi, nishike," akaninong'oneza. Nikamshika bega. "Mmoja yule anakula na kumwaga. Anamwaga, wifi!" "Nyamaza." Machozi yakamtoka, sijui ya uchungu ama ya nini, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ameikalia. Polepole bega likalegea chini ya kiganja changu. Akaanza kuwatazama. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza hadithi.

Hapo ndipo honi ikalia. Bwana yule alikuwa amefika na gari lake, na hajui kuita mtu kwa njia nyingine. Kundi lote likapaa.

Wifi alikuwa nje kabla sijasimama. Alimfuata mpaka dirishani pa gari, kidole kimeinuka, na sauti ile ya dungu, yote, ikamshukia mdogo wake kichwani. "Walikuwa wanakula! Unapiga honi watu wanakula? Nani kakulea wewe? Rudi kwa mkeo ukamwinamie mwenyewe, na mtoto wako mlee wewe, na hapa usikanyage na hilo debe lako!"

Bwana yule akapandisha kioo, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani.

Mwenyekiti hakuelewa hata neno moja. Aliniomba nimgeuzie. Nikafikiri, nikatafuta katika lugha yangu ya mashuka.

"Anasema," nikamwambia, "analinda ndege."

Akampa wifi ufunguo wa kibanda, nami nikabeba begi kulirudisha nyumbani.