Fulana za Mabingwa Waliofungwa

Harufu ya belo la mitumba haifanani na nyingine: dawa ya wadudu, vumbi, na kabati za watu usiowajua. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Utemini alikata kamba za belo lake, harufu ikanifikia uani, nami nikaacha ufagio nikaenda kuchagua. Nikaibua fulana ya bluu yenye maandishi ya Kiingereza kwamba anayeivaa ni bingwa, na chini yake mchoro wa kitu kilichochongoka ncha mbili. Nikakaa palepale juu ya nguo.

Ndugu zangu, kitu kile sisi wa kijiji cha Misigiri tulikiita mbegu ya alizeti. Tungekiita nini kingine? Mama alinunua fulana kama ile mnadani, za kutosha timu nzima ya kijiji, kwa sababu nahodha alikuwa kaka yangu Elia. Wakulima wa alizeti kuvaa mbegu yao kifuani, tena yenye neno la ubingwa! Wazee walisema ni dalili njema.

Dalili gani! Kila mwaka baada ya mavuno timu ilifika fainali ya vijiji, ikafungwa, na beberu wa zawadi akaliwa kijiji cha wapinzani. Watu walimfariji Elia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, hadi ukitaka ugomvi naye ilitosha kusema "asiyekubali." Baada ya kufungwa wachezaji walirudi kwa kupenya mashambani, maana barabarani ukikutana na mzee lazima usimame umpe shikamoo, na baada ya marahaba huja swali la matokeo.

Mwaka wa mwisho Elia alikuwa anaondoka kesho yake kwenda Geita, machimboni. Aliutaka ushindi mmoja tu wa kuondoka nao. Mechi ikafika penalti, ya mwisho akapiga yeye, akapaisha.

Wenzake wakageukia mashambani. Elia akasema, "Mimi leo napita barabarani. Sitakiaga kijiji changu kwa kujificha." Nikamfuata nimebeba viatu vyake, na wenzake wakaja mmoja mmoja. Karibu na nyumbani tukasikia vigelegele. Mama na wanawake wa jirani walikuwa katikati ya barabara, kanga viunoni.

"Karibuni, wanangu! Karibuni nyumbani!"

Nilitamani ardhi inimeze. Masikini Mama, niliwaza, hajapata habari. Elia aliinamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama." Mama aliitikia, hakuuliza kitu, akamshika mkono wakaingia ndani.

Jioni ile ya belo nilimsimulia binti yangu habari ya mbegu ile; akaitafuta timu ya fulana kwenye simu, akacheka. "Mama, hii siyo alizeti. Ni mpira wa Wamarekani, wanakimbia nao mkononi. Na timu hii haijawahi kuwa bingwa. Imeingia fainali mara nyingi, kila mara inafungwa. Fulana zinachapwa kabla ya mechi, za timu zote mbili, halafu za walioshindwa zinapelekwa mbali."

Nikampigia Elia Geita. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe hata wenye fulana walikuwa wenzetu! Mama angekuwa hai angecheka sana. Masikini, siku ile alitupigia vigelegele hajui tumefungwa."

Hata mimi niliamini hivyo miaka yote. Ukweli niliupata mwaka huu tu, kwa Mama Rehema, jirani yetu wa zamani, nikawa sijui nimwambie vipi kaka yangu. Nikamwambia. Kwamba siku ile mtu mmoja wa baiskeli alishafika na matokeo sisi tukiwa bado njiani. Kwamba wanawake walikuwa wanachambua mboga uani kwetu, wakaziacha, na Mama ndiye aliyesimama kwanza.

Ninavyomkumbuka Mama, ningetoa chochote nisikie sauti yake tena.

"Alisemaje?" Elia akauliza.

"Alisema, 'Jamani, tokeni mnisaidie. Mtoto wangu anaondoka kesho.'"