Jani Nililotia Kwenye Ndoo

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msitafute maneno matamu. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, na ninachoandika hapa ni kosa langu.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa tulihamishiwa upande wa Tura, kando ya mbuga ya maji isiyokauka. Maji ya kunywa tulichota humo, mpunga tulilima pembeni yake, na kambale walikuwa humohumo. Kaka yangu alikuwa amekwenda manamba, kukata mkonge Korogwe. Nilipokwenda kumtazama nikaona mtoni mmea unaoelea, majani manene, ua la zambarau. Mnajua mwanamke akijitwisha ndoo hutia majani juu ya maji yasimwagike njiani. Majani ya kwetu hunyauka upesi. Jani hili lilikaa juu ya maji kama kifuniko. Nikaling'oa, nikalitia kwenye kopo lenye maji, nikapanda nalo treni mpaka nyumbani. Nikaliweka kwenye pipa.

Nilijivuna nalo kila nilipolitia kwenye ndoo, ila lilikotoka sikumwambia mtu. Wenzangu walifika kwao mabega yamelowa, mimi mkavu. Likazaana pipani, na yaliyozidi nikawa nayatupa mbugani nikienda kuchota.

Masika mawili yakapita, maji yakawa hayaonekani kwa majani yale. Mpunga ukasongwa, kambale wakaelea wamekufa, korongo wakahama. Mkutano ukaitwa. Siku hizo alikuwa amehamia kwetu mjane mmoja wa Kisukuma kutoka Choma, na ng'ombe wake sita. Mzee mmoja akasema gugu hili limekuja na kwato za hao ng'ombe, na watu wakaitikia, maana ng'ombe wa mgeni hawana wa kuwasemea. Likakatwa shauri kwamba wasinywe tena mbugani. Awapeleke bwawa la mbali, mwendo wa nusu siku. Mimi nilikaa mbele kabisa. Sikufungua mdomo.

Ndipo ikaanza kazi ya kujitolea, kila Jumamosi. Tuliingia majini mpaka kiunoni, ruba wakitung'ang'ania mapajani, tukang'oa na kuburuta mpaka kwenye vichuguu, mbali na maji, yakauke juani. Palipobaki wazi tulipanda matete tena. Nilikuwa mkali kuliko balozi wa nyumba kumi. Aliyeacha mzizi nilimrudisha. Mwenyekiti akawaambia wengine waige mfano wangu, nami nikazidi kuinama kwenye magugu.

Yule mjane naye alikuja kila Jumamosi, kusafisha maji ambayo ng'ombe wake hawaruhusiwi kunywa. Wanawake walimtania: avute kwa nguvu, au kwato zake kazisahau nyumbani? Alicheka nao. Jumamosi moja tukabaki wawili tunavuta fungu moja, wenzetu wamepeleka mizigo.

"Mama," akasema taratibu, "siku niliyohamia, nilipokuja kwako kuomba moto, haya niliyaona pipani. Ng'ombe wangu walikuwa bado njiani."

"Mbona hukusema mkutanoni?"

"Mgeni amshitaki mwenyeji? Nilikungoja wewe."

Nimepigwa katika maisha yangu, lakini sikupata kupigwa vile. Ndama wake mmoja alikuwa amekwisha kufa kwenye njia ya bwawa lile. Nilipanda ukingoni na tope langu, nikangoja watu warudi, nikawaambia wote, mwenyekiti akiwapo, kwamba ni mimi na si ng'ombe. Kisha mmoja akasema, "Na ukali wote ule!" Alikuwa na haki.

Siku hiyohiyo ng'ombe wakaruhusiwa. Ndama hakufufuka. Nilimpelekea mjane mbuzi jike. Akampokea kwa mikono miwili, akaenda kumfunga kwenye kigingi cha ndama.

Nyumbani mume wangu akasema nimekiri, sasa yatosha, nipumzike. Watoto walikuwa wamezunguka sinia, wanangoja ugali. Nikasimama mlangoni nikawaambia:

"Kesho si Jumamosi, lakini wote wa nyumba hii majini, baba yenu pamoja, na keshokutwa, mpaka mbuga iwe wazi. Ng'ombe wa yule mwanamke wanywe kwanza, ndipo ninyi mchote. Asiyetaka kulowa, asitie mkono kwenye sinia langu."