Tulipopima Osiloskopu na Macho ya Baba

Mimi si mtu wa subira, na baba yangu si mtu wa kuambiwa. Ndiyo maana ilibidi nimtegee mashine.

Mwaka mzima mama alikuwa akinipigia simu Lubumbashi kunieleza kwamba baba anamimina chai nje ya kikombe. Baba alifundisha fizikia hapa Kamina mpaka alipostaafu, na bado anatengeneza redio na vipaza sauti vya kanisa mezani kwake. Kila nilipomsihi aonane na daktari wa macho, jibu lilikuwa moja: "Minyi macho yangu iko bien. Achana na mambo ya docteur." Mimi nami ni fundi wa umeme, na kichwa kigumu nimekirithi kwake. Likizo ilipofika nikapanda treni na osiloskopu ya mtumba magotini, mashine inayochora umeme kama mstari, ya zile za zamani zenye kioo kinachowaka kijani.

Alipoiona alifurahi mpaka akasahau kunisalimia. Mbele ya mashine, kwa herufi kubwa, paliandikwa kasi yake: megahezi ishirini.

"Papa, tuipime kama inasema kweli," nikamwambia. "Weye njo utasoma kioo. Ukisoma muzuri, sitataja docteur tena. Ukikosa, tunarudia wote Lubumbashi, ku docteur."

Akacheka, tukapeana mikono, kipimo kiwe kesho yake.

Kazi yenyewe si ngumu. Unaipa mashine umeme unaoruka ghafla kutoka chini kwenda juu, kwa kasi kuliko inavyoweza kuufuata. Kwenye kioo mruko huo unaonekana kama mlima, na muda wa kuupanda, kutoka asilimia kumi hadi tisini, ni uzito wa miguu ya mashine yenyewe, si wa umeme. Ukigawa 0,35, namba ya kanuni, kwa muda huo unapata megahezi zake za kweli. Nilikuwa nimeunga saketi ndogo ya mapigo, yenye nyaya fupi kuliko kidole, maana waya mrefu huchora mawimbi ya uongo. Umeme tuliuchukua kwenye betri ya paneli za jua.

Shida ilikuwa mwanga. Ukiipeleka mashine kwenye kasi yake ya mwisho, mstari hufifia, na jua la saa nane mchana lilikuwa limejaa chumbani. Baba akaomba kikwembe cha mama, kitenge chake cha kujifunga. Tukajifunika wote wawili, vichwa vikigusana, ndani kukinuka sabuni na risasi ya kulehemea.

"Mwalimu, munapika nini mule ndani?" mama akauliza kutoka uani, alikokuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Tunapika nano!" baba akajibu, akimaanisha nanosekunde, sehemu ya bilioni ya sekunde.

"Ile nano mukule benyewe. Minyi ninajua bukari." Bukari ndio ugali wetu.

Kila mraba wa kioo ulikuwa nanosekunde ishirini, umegawanywa kwa vijialama vitano vya nano nne nne. Nikaona mstari ukipanda katika vijialama vitatu tu. Nano kumi na mbili! Karibu megahezi thelathini. Mashine ilikuwa bora kuliko maandishi yake. Nikauma ulimi, nikamngoja baba.

"Iko nano kumi na saba na nusu," akasema bila kusita.

Nusu? Kwenye vijialama vya nano nne nne, nani anasoma nusu? Nikageuka kumtazama. Kwa ule mwanga wa kijani nikaona katikati ya jicho lake ukungu mweupe.

"Papa, ile nusu umeiona wapi?"

Akatoa karatasi mfukoni mwa shati. Alikuwa ameandaa fiche, kama alivyofanya kila jioni ya ualimu wake, maana mwalimu haingii darasani bila karatasi ya somo yenye majibu. Alikuwa amegawa 0,35 kwa megahezi ishirini zilizoandikwa mbele ya mashine, akapata kumi na saba na nusu, akakariri jibu hilo. Mwandiko wake, uliokuwa mdogo na ulionyooka, sasa ulikuwa mkubwa kama wa ubaoni, na mistari ilipandana.

Nilikuja nimejiandaa kushinda. Hata maneno ya kumtania nilikuwa nayo tayari. Nilimpenda mno mzee huyu aliyeiba mtihani, na mtego wangu ukanitia aibu.

"Siko naona, mama," akasema. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Ile mustari, siko naiona hata kidogo. Tangu mvua ya mwaka ilipita."

"Juu ya nini haukusema?" nikamuuliza sababu.

"Mungenikamatia fer à souder yangu, mungenikataza kazi." Akapapasa mezani mpaka akakigusa chuma chake cha kulehemu.

Nikamwambia kipimo cha kweli. Akatikisa kichwa, karibu acheke. "Kumi na mbili! Na minyi niliidharau." Kisha akataka nimweleze mstari unavyopanda, nami nikamweleza polepole: unaanzia wapi, unajikunja wapi, unatulia wapi. Alisikiliza amefumba macho. Sikuwa nimewahi kumweleza baba yangu kitu chochote kabla ya siku ile.

"Ku gare ya treni iko bantu mingi," akasema nilipomaliza. "Utanikamata mukono?"

Nikamwambia nitamshika tangu mlangoni. Hatukutoka mara moja chini ya kikwembe. Baba hakutaka mama auone uso wake, nami pia sikutaka mama auone wangu.