Sifuri Iliyosomeka Kundi A

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi, na chumba cha kompyuta kilikuwa bado kimefungwa. Nikaenda na kurudi kwenye veranda mpaka askari wa lango akaniuliza kama ninaumwa. Sikuwa ninaumwa, ndivyo nilivyo. Marehemu baba, aliyetoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye vikaushio vya kiwanda cha chai hapa Kericho, alizoea kuwaambia majirani kwamba Achieng hajui kukaa.

Bosi wangu alikuwa Meneja wa Mifumo. Sisi sote tulimwita hivyo, hata mkewe alipopiga simu aliomba kuongea na Meneja wa Mifumo. Alifungua mlango, akanionyesha kompyuta tatu na printa yenye kelele za mashine ya kusaga, kisha akaniketisha mbele ya moja.

"Unajua Pascal?"

"Nimesoma chuoni, bwana."

"Sawa. Andika prosija fupi. Tangaza safu ya namba kumi na mbili, usiweke kitu ndani, halafu zichapishe."

Kwa ninyi vijana ambao hamkuiona Pascal: prosija ni kipande cha programu kinachofanya kazi moja, na safu ni mfululizo wa nafasi zenye jina moja, kila nafasi na namba yake. Nilidhani printa itatoa sifuri kumi na mbili. Ikatoa namba za ajabu, nyingine za maelfu, nyingine hasi.

"Ni wewe umeziweka hizo?" akauliza.

"Hapana."

"Ni uchafu wa kazi iliyotangulia. Pascal inakupa chumba, lakini haikufagilii. Kabla ujaze kitu, fagia."

Kufagia huko ndiko tulikuita kuanzisha: kuipa kila nafasi thamani yake ya kwanza kabla ya kuitumia. Kwa safu unazunguka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa rekodi, ambayo ni fungu la habari za kitu kimoja, mathalani jina la mtu, umri wake na kijiji chake, unapita sehemu moja baada ya nyingine. Kazi yenyewe inachosha, na kwa sababu inachosha watu huiruka. Mimi pia niliiruka.

Mwaka wa pili nilipewa programu yangu mwenyewe. Kampuni yetu ya chai ilikuwa na hospitali ndogo pamoja na zahanati kadhaa mashambani, na Daktari Mkuu alitaka kila mfanyakazi awe na kadi ya matibabu iliyochapishwa: jina, kijiji, dawa zinazomdhuru, kundi la damu. Niliandika rekodi nikaiita Mgonjwa. Karani wa zahanati alijaza sehemu moja moja kwenye skrini. Kama habari fulani haikuwepo, alibonyeza kitufe na kuendelea. Niliifanya kwa haraka, maana sikuwahi kufanya kitu kwa njia nyingine. Kadi zikaanza kutoka. Nilizipeleka mwenyewe zahanati ya Kimulot, na watu wakazitazama kama vyeti vya shule.

Asubuhi moja simu ililia. Alikuwa Sista Rael, muuguzi mkuu wa wodi ya akina mama, mtu wa Merigi mwenye sauti ya chini kabisa.

"Achieng, wewe ndiye ulitengeneza hizi kadi?"

"Ndiyo, Sista."

"Kuja hospitali. Kuja sasa."

Sikungoja gari. Nilikata katikati ya chai kwa miguu, viatu mkononi. Nilimkuta kwenye korido, ameshika kadi ya mchumaji mmoja aliyeitwa Chebet. Chebet alikuwa amejifungua alfajiri ile na damu ikakataa kusimama. Mtu wa maabara alisoma kwenye kadi kwamba ni kundi B, akaenda kutoa chupa ya B, kwa kuwa mama alikuwa anakwisha na kila dakika ilikuwa na thamani. Sista Rael alikataa kuitundika mpaka damu ya Chebet mwenyewe ipimwe. Walimpigia kelele, akapima. Chebet alikuwa O.

"Ningeitundika ile, tungemuua sisi wenyewe," alisema. "Sasa niambie. Hii B imetoka wapi?"

Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Rekodi yangu ilikuwa moja tu, ikitumika kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Karani aliporuka sehemu ya damu, thamani ya mtu aliyetangulia ilibaki palepale, ikachapishwa kwa jina la anayefuata. B ile ilikuwa ya mtu mwingine kwenye foleni. Mstari wa kufagia sikuuandika.

"Ni mimi," nikamwambia. "Imetoka kwangu."

Hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka kitandani kwa Chebet, ambaye alikuwa amelala, midomo imepauka, mtoto ubavuni. Sista aliniacha nimesimama pale. Sijui nilisimama kwa muda gani, lakini najua ndiyo mara pekee katika ujana wangu miguu yangu ilitulia.

Meneja wa Mifumo alisikiliza habari yote bila kukaa.

"Jaza sifuri rekodi nzima kabla ya kila mgonjwa," alisema. "Jumatatu iende zahanati zote. Na haya mambo yabaki hapa."

Pascal yetu ilikuwa na amri inayoitwa FillChar, inayojaza eneo lote la kumbukumbu kwa thamani moja kwa mpigo. Mstari mmoja tu. Niliuandika, nikaujaribu kwa majina matatu, nikanakili disketi, nikazituma. Nilijiona nimetubu.

Wiki mbili baadaye Sista Rael akapiga tena.

"Achieng, tangu lini Kimulot yote ikawa kundi A?"

Nilifungua programu yangu. Katika Pascal unaweza kutunga aina yako ya thamani kwa kuziorodhesha kwa majina. Mimi nilikuwa nimeorodhesha makundi ya damu hivi: A, B, AB, O. Lakini ndani ya mashine majina hayo ni namba tu, na hesabu inaanza na sifuri. Wa kwanza kwenye orodha ndiye sifuri. Kwa hiyo nilipofagia chumba kwa sifuri, sikukiacha kitupu. Niliwapa watu wote wasiojulikana kundi A, na kadi zao zilionekana safi na za kuaminika kuliko zile za kwanza.

Dawa ya kweli ilikuwa kuongeza neno moja mwanzoni mwa orodha: Haijulikani. Sifuri isomeke hivyo, na makundi yafuate. Mbele ya hatari ile lilikuwa neno dogo, ila lilichelewa kwa wale waliokwisha kuingizwa. Kwenye faili, A ya kweli na A ya uongo zilikuwa sifuri ileile, na B iliyorithiwa kwa jirani ilifanana na B halali. Hakuna programu ingeweza kuzitenganisha. Ilibidi watu wapimwe upya, wote, na kadi zirudishwe.

Nilirudi kwa Meneja wa Mifumo.

"Unataka tuwaambie wafanyakazi kwamba kadi za kampuni ni za uongo?" aliuliza.

"Nataka wasitundikiwe damu ya uongo."

"Rekebisha zitakazotoka kuanzia leo. Hizo za nyuma hospitali watapima wakiona haja."

"Siku ambayo Sista hayuko, nani atapima?"

Alirudi kwenye karatasi zake. Nikaketi nikaandika barua mbili, moja kwa Daktari Mkuu na nyingine kwa Meneja Mkuu, nikaeleza kosa langu la kwanza na la pili, nikatia sahihi. Nilijua zikishaondoka mezani pangu hazirudi. Nilizipeleka kwa mkono kabla sijabadilisha mawazo.

Daktari Mkuu alisoma yake mbele yangu mara mbili. "Umejichomea," alisema. "Chukua gari, chukua Sista. Muanze kesho."

Mwezi mzima tulizunguka. Tulisimama penye mizani, pale wachumaji wanapoleta majani, Sista akitoboa vidole nami nikiandika. Watu walilalamika, na walikuwa na haki.

"Juzi mlisema mimi ni A," mzee mmoja wa Kimulot aliniambia, amekishika kidole chake. "Leo mnasema hamnijui. Kesho mtasema mimi ni mwanamke?"

Watu wakacheka. Nilimwambia ukweli, kwamba nilikosea na mashine ikakosea pamoja nami. Akanitazama sana, kisha akatoa kadi yake mfukoni akanipa. "Afadhali umesema," akasema.

Kadi kumi na moja hazikurudi. Wenyewe walikuwa wameacha kazi na kwenda kwao, wengine Londiani, wengine upande wa kwetu ziwani. Niliandika barua kwa kila mmoja. Saba walinijibu. Wale wanne nawajua majina mpaka leo, na sitayataja hapa.

Nilihamishwa, bila shaka. Meneja wa Mifumo alinipeleka Londiani, kwenye kitengo cha miti ya kuni za viwanda, nichape orodha za mikaratusi. Kuna baridi huko, na miti haina haraka yoyote. Nilidhani nitaharibika akili. Badala yake niliandika upya kila programu niliyoikuta, na kila rekodi nikaipa prosija yake ya kuianzisha, sehemu kwa sehemu, bila njia ya mkato. Karani wa hapo alisema ninaifanyia kompyuta usafi kama ninamtarajia mgeni. Miaka minne ikapita hivyo. Alipokuja Meneja wa Mifumo mwingine, alikuta barua yangu kwenye jalada, akanirudisha Kericho, akanikabidhi kazi ya kukagua programu za wenzangu. Waliniogopa kidogo. Mtu akinionyesha safu, swali langu lilikuwa moja: kabla hujaijaza, ilikuwa na nini?

Pascal ilikwisha, ikaja lugha moja, ikaja nyingine, nikajifunza zote kwa kuchelewa na kwa hasira. Mwaka jana nikastaafu. Ninaishi nje kidogo ya mji, nina ng'ombe wawili, na mume wangu amechoka kuniomba nikae chini. Nikikaa, mikono inatafuta kitu cha kukagua. Nimekagua mpaka orodha ya waimbaji wa kanisa.

Mwezi uliopita chuo kimoja cha ufundi kiliniita niongee na wanafunzi wa kompyuta. Waliniambia kwa adabu kwamba lugha zao siku hizi zinafagia zenyewe. Nikawaambia kuhusu Chebet, kisha kuhusu wale wote wa Kimulot niliowafanya kundi A kwa kufagia. Binti mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono.

"Mama, sasa ulijuaje kwamba umemaliza? Kwamba hakuna kosa lingine limebaki mahali?"

Nilikuwa nimetembea mbele ya darasa lile muda wote. Nikasimama nimjibu vizuri, maana aliuliza swali ambalo hakuna bosi wangu aliyewahi kuniuliza.

"Sikumaliza, binti yangu," nikamwambia. "Nilistaafu tu."